Harufu ya Mmea ni ya Nani?

Mti wa udi ulio mzima haunukii. Mbao yake ni nyeupe, laini na nyepesi. Mpaka wadudu wautoboe au tawi livunjike, kisha kuvu waingie kwenye jeraha, ndipo mti unapoanza kutoa utomvu mzito wa kujihami, na mbao inayozunguka kidonda ikageuka nyeusi. Kipande hicho cheusi ndicho kinachosafirishwa kutoka misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia hadi Maskati na Mombasa, kikafukizwe kwenye chetezo harusini na katika maulidi. Jambo hili linalipa uzito swali la zamani: manukato ya mimea yapo kwa ajili ya nani?

Jibu la Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, lilikuwa jepesi: mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya binadamu. Katika dini nako ipo hoja inayokaribiana na hiyo. Qurani, sura ya 45, inasema vilivyomo mbinguni na ardhini vimetiishwa kwa wanadamu, na sura ya 55 inataja mimea yenye harufu nzuri miongoni mwa neema. Hata hivyo kitu kutiishwa kwa mtu hakumaanishi kwamba hakina shughuli yake chenyewe, na shughuli hiyo ndiyo Aristotle aliyoipita haraka mno.

Mmea hutengeneza harufu kutokana na sukari ileile uliyoipata kwa mwanga wa jua. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza huunganisha vipande vyenye kaboni tano tano na kutoa terpini, ambazo ndizo harufu ya ubani, mchaichai na ganda la chungwa. Ya pili huanzia kwenye asidi ya amino iitwayo fenilalanini, nayo ndiyo inayotoa eujenoli ya karafuu na harufu ya mdalasini. Kazi hii ina gharama, kwa kuwa kaboni iliyoingia kwenye harufu ingeweza kuwa jani au mbegu. Tena nyingi ya kemikali hizi ni sumu kwa seli za mmea wenyewe, kwa hiyo hutengewa mahali pake. Kwenye tumba la karafuu, mafuta yamo ndani ya vifuko vidogo chini tu ya ngozi, na tumba bora likibanwa kwa ukucha huyatoa. Kwenye mrehani yamo katika vinyweleo vyenye vichwa vya duara juu ya jani, vinavyopasuka mara kidole kinapopita.

Asmini huonyesha vizuri zaidi jinsi harufu moja inavyobeba kazi nyingi. Hufumbua maua jioni na kuachia harufu wakati nondo, wanaobeba chavua yake, wanaporuka. Ndani ya harufu hiyo mna indoli, kemikali inayopatikana pia kwenye mavi: kidogo hunukia, ikizidi hunuka. Mna pia methili jasmoneti. Mwaka 1990, Edward Farmer na Clarence Ryan, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba mnyanya ukivuta hewa yenye kemikali hiyo huanza kutengeneza protini zinazovuruga mmeng'enyo wa wadudu, ingawa haujaumwa na mdudu yeyote. Ile harufu ya vikuba na ya kitanda cha bibi harusi, basi, kwa sehemu ni ishara ya hatari.

Wala si walengwa peke yao wanaoipokea. Dume la nzi wa maembe, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hufuata methili eujenoli, iliyomo ndani ya mrehani na maua mengi, akaila na kuigeuza kuwa manukato yake ya kuvutia majike. Wakulima nao huitia kwenye mitego kumnasa. Katika msururu huo wa wanaofaidi, binadamu amefika mwisho kabisa.

Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1790, alikataa hoja ya kwamba kitu kikimfaa mwingine basi kiliwekwa kwa ajili yake. Huenda ikadhaniwa kwamba hapo dini imeshindwa, lakini sivyo. Sura ya 17 ya Qurani inasema kila kitu kinamtukuza Mungu kwa namna wasiyoifahamu watu, kauli inayoupa mti ibada yake bila kumpitia mwanadamu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, kinakataza uvumba wa hema la kukutania kutengenezwa kwa ajili ya kujifurahisha. Katika kauli hizo mbili harufu haiishii puani mwa mtu, na msimamo huo unapatana na biolojia kuliko ule wa Aristotle.

Tofauti kati ya misimamo hiyo miwili ina matokeo kwenye ubani. Mgemaji huchanja gome, utomvu ukatoka kuziba jeraha, kisha akabandua matone yaliyoganda na kuchanja tena palepale. Sukari inayokwenda kutengeneza utomvu mpya haifiki kwenye maua. Utafiti uliofanywa Eritrea ulikuta kwamba miti inayogemwa sana huzaa mbegu chache, na chache zaidi kati ya hizo ndizo zinazoota.