Alhamdulillahi ya Ulimi na Alhamdulillahi ya Mkono





Hebu tufanye hesabu ndogo. Muislamu anayesali sala tano za faradhi husoma Suratul Fatiha mara 17 kwa siku, moja katika kila rakaa. Akibaki kwenye mswala baada ya kila sala akaleta nyuradi, hutamka alhamdulillahi mara 33, na kwa sala tano zinakuwa 165. Jumla ni 182, kabla hatujahesabu ya kuamka, ya chakula, ya chafya na ile ya kujibu "hujambo?" Halafu mtu huyo huyo, mwenye 182 mfukoni, akifika kwenye mstari wa chakula na kukuta maharage tena, uso unakunjamana kana kwamba hajapewa kitu tangu azaliwe.

Sisemi hivyo ili tuchekane. Nauliza swali ambalo limenisumbua muda mrefu: kushukuru ni kufanya nini hasa? Na je, ni haki kumwambia mtu ashukuru wakati mambo yake hayaendi?

Neema inayojificha

Mimi nimekulia Buyenzi na sasa nasoma kampasi ya Mutanga, hapa hapa Bujumbura. Kila aliyeishi mjini kwetu anajua mambo ya maji. Yakikatika, bidoni za njano zinapangwa mstari tangu alfajiri, na mtu anatawadha kwa kikombe kimoja bila kumwaga tone. Yakirudi, mara nyingi usiku wa manane, bomba huanza kwa kukohoa hewa, na nyumba nzima inaamka. Utasikia alhamdulillahi kutoka ua mpaka ua. Hiyo ni alhamdulillahi ya kweli, imetoka tumboni.

Siku ya tatu maji bado yanatoka na hakuna anayesema neno. Maji ni yale yale, bomba ni lile lile. Kilichopungua ni macho yetu tu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliliona jambo hili vizuri katika kitabu chake cha Ihya, pale anapozungumzia subira na shukrani. Anaeleza kwamba watu hawaihesabu hewa kuwa neema kwa sababu kila mtu anayo na haikatiki. Lakini mtu akibanwa pumzi ndani ya kisima au katika chumba cha joto la kuogea, kisha akaokolewa, papo hapo ataijua thamani ya hewa. Ghazali anashangaa: yaani neema ikiwa kubwa zaidi, ya kudumu zaidi na ya watu wote, ndipo inapokosa shukrani?

Hapa ndipo penye kazi ya kwanza. Kushukuru huanza na kuona, na kuona kunahitaji mambo madogo yenye majina. Anayesema "namshukuru Mungu kwa kila kitu" mara nyingi hajatazama kitu chochote. Afadhali kusema: nashukuru kwa goti langu lililopanda kilima cha Mutanga leo bila kuuma. Nashukuru kwa jirani aliyeniazima daftari. Nashukuru kwa upepo wa jioni unaotoka ziwani baada ya mchana wa jua kali. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tatizo letu ni kwamba mbachao tumeukalia, ndiyo maana hatuuoni.

Kumtazama aliye chini

Dawa moja tuliyofundishwa na Mtume (s.a.w.) ni kumtazama aliye chini yetu katika mambo ya dunia, tusimtazame aliye juu, ili tusiidharau neema tuliyopewa. Ni dawa ya hakika, hasa zama hizi ambapo simu inatuonyesha mchana kutwa viatu, harusi na safari za watu wengine.

Lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Nimesikia watu wakiitumia kwa namna inayotia shaka. Anamwona kijana aliyeshuka na baiskeli kutoka Bugarama, mikungu ya ndizi imemzunguka pande zote, jasho linamtiririka, naye aliyekaa ndani ya gari anasema, "Alhamdulillahi, mimi si yule." Kisha anapandisha kioo.

Hapo najiuliza: yule kijana ameumbwa ili awe kioo changu? Mgonjwa hakuugua ili mimi nijisikie mzima. Maskini hakunyimwa ili mimi nijihisi tajiri. Yeye naye ni mja wa Allah, ana mama yake, ana dua zake, na pengine kwa Mola wake amenipita mbali.

Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi. Tuseme kesho yule kijana afunguliwe riziki, anunue gari kama la yule aliyempita. Je, shukrani ya mwenye gari itapungua? Ikipungua, basi haikuwa shukrani. Ilikuwa kiburi kilichovaa kanzu. Ikibaki palepale, au ikaongezeka kwa furaha ya mwenzake, hapo tunaweza kusema alikuwa anamshukuru Allah kweli.

Tukirudi kwenye mafundisho yenyewe, sababu iliyotajwa ni kutoidharau neema. Hakuna mahali tulipoambiwa tufurahie upungufu wa mwenzetu. Mtazamo wa kweli kwa aliye chini humfanya mtu ajione ana deni. Ghazali anataja watu wema waliokuwa wakienda kwa wagonjwa na makaburini ili wajue thamani ya siha na ya siku waliyobakiwa nayo. Aliyetoka kwa mgonjwa akiwa na huruma zaidi amefaidika. Aliyetoka akiwa na majivuno angebaki nyumbani.

Je, mwenye shukrani halalamiki?

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Kuna mwanafunzi ambaye fedha zake za masomo zimechelewa. Kodi ya chumba inamngoja, nauli imekwisha, anakula mara moja kwa siku. Akisema, anajibiwa: "Ndugu, shukuru. Wengine hata chuo hawakukifika." Maneno hayo ni ya kweli, lakini yamefanya kazi mbaya. Yamemfunga mdomo mwenye njaa, tena kwa jina la dini.

Tumkumbuke Bibi Khawla bint Tha'laba (r.a.). Mumewe alimtamkia maneno ya zihari, desturi ya kijahiliya iliyomwacha mwanamke akining'inia, si mke wala si mtalaka. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akajadiliana naye, akamshitakia Allah hali yake. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani akashukuru kwamba ana paa juu ya kichwa. Mashitaka yake yalisikiwa juu ya mbingu saba, hukumu ikateremka, na sura ya 58 ya Qur'ani ikaitwa Al-Mujadala kwa sababu ya mjadala wake. Nabii Yaakub (a.s.) naye alimweleza Allah huzuni yake, na Nabii Ayyub (a.s.) alimwita Mola wake alipofikwa na dhara, wala hakuondolewa sifa ya subira.

Kwa hiyo tutenganishe mambo matatu. Kumlalamikia Allah kana kwamba ametudhulumu ni utovu wa adabu. Kumshitakia Allah shida zetu ni ibada. Kudai haki kwa wanadamu waliopewa dhamana ni jambo la tatu, na shukrani hailizuii. Kinyume chake, shukrani ndiyo inayolipa nguvu. Anayejua thamani ya maji ndiye anayeuliza kwa nini hayajafika kwa jirani. Sisi tunaishi ukingoni mwa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, lenye takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi. Kulishukuru ziwa hilo kwa ulimi, huku tukiona ni kawaida mtoto kuacha shule kwa ajili ya bidoni, ni shukrani iliyokatika kiuno.

Bibi yangu hajasoma vitabu vya Ghazali, lakini somo hili analijua. Ukifika kwake akakuuliza hali, ukamjibu "alhamdulillahi" kwa haraka, anakutazama kisha anasema, "Hiyo ni ya Mungu, ameshaisikia. Sasa nipe yangu: umekula?" Naona tungejifunza kwake. Neno alhamdulillahi ni langu kwa Mola wangu. Kwa mwenzangu mwenye shida, wajibu wangu si kumkumbusha ashukuru. Wajibu wangu ni kumpa sababu ya kushukuru.

Shukrani ya mkono

Ghazali anasema shukrani imejengwa juu ya vitu vitatu: elimu, yaani kumjua aliyetoa, hali, yaani furaha ya moyo kwa mtoaji, na amali, yaani kuitumia neema katika yale anayoyapenda mtoaji. Sisi wengi tunaishia katikati. Qur'ani nayo inawahimiza watu wa nyumba ya Nabii Daud (a.s.) wafanye kazi kuwa ndiyo shukrani yao. Na katika hadithi tunafahamishwa kwamba mwanadamu ana viungo 360, na kila kimoja kinadaiwa sadaka kila siku: neno jema, kuondoa kizuizi njiani, kumsaidia mtu. Kidole kinachofungua simu asubuhi nacho kimo kwenye hesabu hiyo.

Kuna tukio linalonitisha kila nikilikumbuka. Mtume (s.a.w.) alitoka nyumbani kwa njaa, akawakuta Abubakar na Umar (r.a.) nao wametolewa na njaa. Wakaenda kwa mtu mmoja katika Ansari, akawapa tende na nyama, na maji baridi. Waliposhiba akawaambia kwamba wataulizwa juu ya neema hiyo. Hao walitoka na njaa ya kweli, wakala mlo mmoja. Sisi wenye maharage yaliyotukunjisha uso, tena siku nyingine yana ndagala juu yake, tutasema nini?

Basi, tufanyeje? Napendekeza mambo matatu ambayo hayagharimu faranga hata moja.

La kwanza: baada ya Isha, kabla ya kulala, taja neema tatu za siku hiyo tu, zenye jina na mahali. Za jana haziruhusiwi.

La pili: tafuta mkono ulioileta. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Nani alipika? Nani alifagia darasa kabla ya saa mbili? Jua jina lake, mwambie asante ukimtazama usoni. Asante ya punda ni mateke, na baadhi yetu mateke yetu ni kupita bila salamu.

La tatu: igawe kabla ya Ijumaa. Kama neema yako ni Kifaransa kizuri, yupo ndugu wa mwaka wa kwanza anayepotea kwenye mhadhara kwa sababu ya lugha. Kaa naye saa moja. Kama ni megabaiti, mpakulie mwenzio notisi. Kama ni sahani iliyojaa, nyumba ya pili kutoka kwako kuna mtu aliyesema alhamdulillahi leo na hajala. Muulize swali la bibi.

Tukifanya hivyo, zile 182 hazitapungua, na wala hatuhitaji kuziongeza. Zitakuwa na uzito tu.

Tunamuomba Allah ayafumbue macho yetu tuzione neema zikiwa bado mikononi, atuepushe na shukrani inayomdharau mwenye shida, na aifanye mikono yetu iwe sababu ya wengine kusema alhamdulillahi. Amin.

Wabillahi tawfiq.