Sahihi Yako ni Ushahidi Wako

Ndugu zangu Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tuzungumze juu ya ardhi. Kutoka Mwingi na Kitui mjini hadi Wote, Emali na Kibwezi, kuna biashara ambazo Muislamu hafai kuonekana karibu nazo, na bado tunaonekana.

Ardhi ya huku imepanda bei. Mwaka 2009 Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili, Makueni, kwa shilingi bilioni moja ili ijenge mji wa Konza. Baadhi ya wanachama wa ranchi ile walilalamika miaka na miaka kwamba haki yao haikuwafikia, mpaka mambo yakafika mahakamani. Mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya ipitayo huku. Likaja bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, na familia zikahama na kulipwa fidia. Fidia kama hiyo humkuta mzee ambaye hajapata kushika laki tano maishani mwake, na sasa anatafuta pa kuhamia. Anayemfikia mwanzo ni broka.

Tazameni shamba la mtu linavyoibwa. Mwizi wa mbuzi hutosha peke yake, usiku mmoja. Mwizi wa shamba hawezi. Anataka broka amletee mnunuzi, mpima asogeze bikoni za mpaka, chifu apige muhuri, wakili aandike makubaliano, karani afiche faili, na mashahidi watie sahihi. Baba amefariki, mirathi haijafunguliwa, mama mjane yuko shambani anapalilia pojo. Huku mjini kijana wake mmoja anauza ekari nne, na kila aliyekaa kwenye meza ile anajua. Bodi ya ardhi ikitaka kumwona mke wa mwenye shamba, wapo wanaomleta mwanamke mwingine, akaitwa mama fulani, akaitikia kwa kichwa.

Sheria ya mirathi inakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Sheria ya mali ya wanandoa nayo haikubali shamba la familia liuzwe mke hajaridhia. Wenye taaluma wanayajua haya kuliko mimi. Lakini ukiwauliza, mmoja atasema ameandika tu, mwingine ameshuhudia tu, wa tatu amekula kamisheni yake tu.

Sikilizeni. Amepokea Jabir, Mungu amridhie, kwamba Mtume (S.A.W.) alimlaani mla riba, anayeitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Mwandishi yule hakukopesha wala hakukopa, kazi yake ilikuwa kalamu. Ikiwa kalamu iliyoandika riba haikusalimika, iliyoandika dhulma ya mjane itasalimikaje? Na siku Mtume alipotaja madhambi makubwa, alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa kitako, akaurudia na kuurudia, hadi masahaba wakatamani anyamaze.

Said bin Zaid, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, alishtakiwa na mwanamke kwamba amemchukulia ardhi yake. Akajibu kwamba hawezi kufanya hivyo naye amemsikia Mtume akionya kuwa anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shubiri moja! Sisi bikoni tunaisogeza hatua kumi, kisha tunakuja kuwahi safu ya kwanza.

Atasema mtu: mimi nina hati miliki, na kesi nilishinda. Mtume mwenyewe alituonya, katika hadithi ya Umm Salama, kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake. Basi atakayekatiwa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Hata sheria ya dunia imelikaribia jambo hili. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya ardhi ya Mombasa, ilisema hati pekee haimkingi mnunuzi ikiwa ilianzia kwenye njia isiyo halali.

Wazee wa Kikamba walimaliza kesi za ardhi kwa kiapo cha kithitu, na hadi leo mtu huogopa kukila kwa uongo. Sisi hatuapi ila kwa Mungu. Je, kuna anayetetemeka kabla ya kutamka Wallahi mbele ya mnunuzi?

Basi wewe broka, jisajili kama sheria inavyotaka, na useme kasoro ya shamba kabla hujaulizwa: halina njia, lina kesi, ndugu hawajakubaliana. Muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa biashara yao. Wewe wakili na wewe mpima, kazi ukijua ina dhulma, iache, ada yake haina baraka. Wewe mnunuzi, fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, kisha nenda shambani kwenyewe, uwaulize majirani, umuulize mama anayelima pale. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, uliza kwa nini kabla ya kufurahi.

Na aliyekwisha kuingia, mlango wa toba uko wazi, ila istighfari peke yake hairudishi shamba. Haki ya mja hurudi kwa mja. Rudisha ulichokula. Kama ulitia sahihi ya uongo, nenda kaseme kweli pale pale ulipoitia, hata kama utaaibika. Aibu ya baraza la chifu ni nyepesi kuliko ya Kiyama.

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu, uwarudishie wajane na mayatima mashamba yao, na utupe ujasiri wa kukataa kalamu tunapopewa tuandike uongo. Amin.