Upepo wa Bangwe haukutumwa na jirani

NDUGU yangu Muislamu, kiangazi kinapokolea pale Bangwe, Kigoma, na mitumbwi ikalala ufukweni siku tatu mfululizo, hakosekani wa kusema kuwa upepo huu si bure, kuna mtu kautuma. Kisha jina linatajwa, na aghalabu ni la bibi kizee asiye na mtetezi.

Katika Suratul Baqarah (2:164) Allah (s.w.) ametaja kupishana kwa usiku na mchana, na katika aya hiyo hiyo akataja mgeuzo wa pepo. Sisemi kuwa aya imeshuka kufundisha jiografia. Lakini usiku na mchana hupishana kwa sababu ardhi inajizungusha, na kujizungusha huko ndiko kunakoupinda upepo.

Karibu na Ikweta jua ni kali, hewa hupata joto na kupanda, na hewa nyingine huja kujaza nafasi yake. Lau ardhi ingekuwa imesimama, upepo wa kusini ungekuja moja kwa moja. Ardhi huzunguka kuelekea mashariki, na pale Ikweta uso wake hwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa, wakati kwenye nyuzi 30 kusini ni kama 1,450 tu. Hewa itokayo huko huja na kasi yake ndogo, ikaachwa nyuma, nasi tukaiona inatokea kusini-mashariki. Huo ndio upepo wa Mei hadi Septemba. Na kwa kuwa Ziwa Tanganyika limelala kusini-kaskazini kwa kilomita zipatazo 670, mawimbi hupata uwanja mrefu wa kukua.

Huko pwani upepo huo huo ndio kusi. Ukivuka Ikweta hupindia upande wa pili, ukaelekea Arabuni na India. Majahazi yalirudi nao Oman, na yalikuja na kaskazi. Miongoni mwa walioshuka Zanzibar na Bagamoyo wapo waliokuja kwa miguu hadi Ujiji, jirani na Bangwe.

Tuseme kweli, si kila upepo wa ziwani umepindwa hivyo. Upo wa usiku utokao milimani kwa kuwa nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na zipo dhoruba za ghafla za masika. Hizo ni fupi mno kwa ardhi kuzipinda, na ndizo za kuogopwa zaidi.

Huu wa kiangazi anaoulaani mvuvi husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yakapanda na rutuba inayolisha vijidudu wanaoliwa na dagaa. Mtume (s.a.w.) amekataza kuutukana upepo. Na aliyemuuliza kama amfunge ngamia wake au amuache na kutawakali, aliambiwa afunge kisha atawakali. Ngamia wa mvuvi ni jaketi la kuokolea na kusikiliza utabiri kabla ya kutweka taa.

Sasa yule bibi. Anayemtuhumu anadai kuwa kiumbe dhaifu anaigeuza ardhi, kazi ambayo Allah hakumpa yeyote. Amemdhulumu bibi, na tauhidi yake mwenyewe ameitia doa. Upepo huu ulikuwa ukivuma Mei hadi Septemba misafara ya kwanza ilipofika Ujiji, na bibi huyo alikuwa bado hajazaliwa, wala mama yake.