Mdhamini si Mwenye Mali



Hapa Zinga ardhi imepanda thamani. Shamba la minazi alilolilima babu kwa jembe la mkono leo linatafutwa na watu wa mjini, na ziko familia zilizokwisha kuuza au kulipwa fidia. Fedha zikipokewa, huja swali: zigawanywe mara moja, kila mtu achukue chake, au ziwekwe pamoja ziwafae hata watoto ambao hawajazaliwa?

Wanaochagua njia ya pili huunda amana ya familia. Jambo hili si geni pwani. Jirani zetu Waislamu wanayo wakf: nyumba au shamba hutengwa lisiuzwe, na faida yake huwaendea waliotajwa. Kanisa nalo hushika viwanja na majengo yake kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka 2021 ili itaje wazi amana ya familia.

Basi yafaa tujue kazi ya kila mmoja. Wa kwanza ni mtoaji: hutoa mali na kuandika nia yake katika hati. Wa pili ni wadhamini: mali huandikwa kwa jina lao, nao huitunza na kuizalisha, kwa mfano kwa kupangisha nyumba au kununua vipande vya mifuko ya UTT AMIS. Wa tatu ni wanufaika, ambao faida ni yao. Familia nyingine huweka na wa nne, mwangalizi, mwenye uwezo wa kudai hesabu na hata kumwondoa mdhamini.

Taabu huanza kazi hizi zikichanganyika. Mtoaji akitoa leo na kesho akaamuru kama zamani, hajatoa kitu. Kaka mkubwa akiwa mdhamini peke yake, si lazima awe mwizi. Hukopa kidogo kwa harusi ya mwanawe, akinuia kurudisha. Dada yake mjane akiuliza, huambiwa hana adabu.

Je, kumwomba mkubwa hesabu ni kumdharau? La, hasha. Yusufu alikabidhiwa nyumba yote ya Potifa, lakini alijua kisicho chake. Mdhamini anayefungua daftari hulinda jina lake mwenyewe. Tena, mtoto ambaye hajazaliwa hawezi kuja kikaoni. Asiyeuliza kwa niaba yake amemnyang'anya bila kumwona.

Kwa hiyo wadhamini wasiwe mmoja, na mmoja wao atoke nje ya ukoo. Mwanasheria aandike hati, na aeleze juu ya kusajiliwa RITA, ofisi inayosajili wadhamini kwa sheria ya mwaka 1956. Hesabu zisomwe kila mwaka mbele ya wote, wanawake na vijana wakiwamo.

Ndugu, kabla ya kumchagua mdhamini, tusiulize tu nani ni mkubwa. Tuulize nani hukubali kuulizwa.