Karani Aliyejenga Nchi Angani

Mezani kwangu kuna daftari la kijana mmoja wa Bwera. Ameliandika hadi jalada la nyuma: ufalme ulio juu ya theluji, vita vya vizazi vitatu, na Kithasamba, mungu wa milima yetu, akizozana na wafalme. Baba yake, mkulima wa kahawa, alinijia Kasese akiwa na uchungu. "Mwalimu, ongea na mwanangu. Uongo huu haujazi gunia."

Niliahidi kuongea naye. Ila tangu nilisome lile daftari, namuwaza karani mmoja wa Tanga.

Karani huyo, mwandishi Shaaban Robert, alizaliwa mwaka 1909. Kuanzia 1926 alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, kazi ileile tunayoiona mpakani Mpondwe kila siku: magunia, karatasi, mihuri. Mshahara ulitoka huko. Nchi zake alizijenga kwa muda uliobaki. Mwaka 1951 ikatoka Kusadikika, riwaya ya nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi yake, na kila mmoja akatiwa gerezani.

Uongo? Karani wa mkoloni angeyasema hayo kwa kutaja Tanganyika, nani angemchapishia? Aliipandisha nchi angani ili walio ardhini waione vizuri.

Naye hakuyaona matunda yote. Alifariki Juni 1962. Riwaya yake ya Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967.

Mwezi huohuo wa kifo chake, tarehe 30, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza kwamba Rwenzururu, nchi ya milima yetu, imejitenga na ufalme wa Toro. Mukirane, kama mimi, alikuwa mwalimu. Mwaka 1954 alizunguka milimani na mwandishi Mwingereza Tom Stacey, na miaka hiyo akaongoza juhudi za kukusanya historia ya Wakonzo, watu wa milima hii. Kabla ya bendera kulikuwa na masimulizi: watu walijisimulia kwanza wao ni nani, ndipo wakadai mahali pao. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Kati ya 1962 na 2009, kila familia ya huku inajua ilimzika nani.

Ndiyo maana siwezi kulidharau daftari. Ndoto ya nchi ikishuka kwa mikuki na bunduki, bei yake hulipwa na wasioiota. Ikishuka kwa wino, mwenye kuiota hupoteza usingizi wake tu, na sisi tunapata pa kujitazama: wafalme wetu, kiburi chetu, wajumbe tuliowafunga midomo.

Basi mzee mwenzangu, nimeongea na mwanao. Nimemwambia asiache shamba, maana Shaaban Robert hakuacha ukarani kwa kuwa alitunga. Asubuhi achume kahawa, jioni aandike. Nami nina ombi moja kwako: kabla hujaliita uongo, mwambie akusomee ukurasa wa kwanza.

Daftari nitalirudisha Jumamosi, pamoja na jingine tupu.