Faragha ya Moyo Katikati ya Watu

Anayetaka kuushughulikia moyo wake kwa kawaida huanza kwa kutafuta mlango wa kufunga. Wazo lenyewe linaonekana halina ubishi: kelele ziko nje, utulivu uko ndani, basi ukiziba nje utakipata kilichomo ndani. Masufi walilijua wazo hili kuliko watu wengi. Walilifanyia kazi kwa karne nyingi na wapo waliofika mbali kwalo. Lakini wao hao ndio waliouona upungufu wake, na kwa maoni yangu huo ni urithi mkubwa waliowaachia wote wanaofikiri juu ya nafsi ya mwanadamu.

Wa kuanzia naye ni Ghazali, kwa kuwa hakuna aliyeitetea khalwa, yaani kujitenga na watu kwa ajili ya ibada, kwa ufasaha kama yeye. Katika kitabu cha 21 cha Ihyau Ulumid-Din, kinachozungumzia maajabu ya moyo, anaufananisha moyo na hodhi lililochimbwa ardhini. Maji yanaweza kuingizwa humo kwa mifereji ya juu, yaani macho, masikio na masomo. Inawezekana pia kuiziba mifereji yote, kulizoa tope hodhi na kuzidi kuchimba mpaka chemchemi ifumke kutoka chini, na maji ya namna hiyo huwa safi zaidi. Kisha anaeleza kazi yenyewe. Mtu huketi pembeni peke yake, hulitaja jina la Mwenyezi Mungu bila kukoma mpaka ulimi unyamaze na jina libaki likipita moyoni. Huendelea mpaka herufi zake nazo zitoweke, ibaki maana tupu. Kila anayevuta uradi usiku, taa imezimwa na tasbihi iko mkononi, anapita katika njia hiyo hata kama hajawahi kukifungua kitabu cha Ghazali.

Naye hakuandika mambo ya kusikia. Mwaka 1091 alikabidhiwa kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi 300. Mwaka 1095 ulimi ukamfunga. Alitaka kusomesha, maneno hayakutoka. Chakula hakikupita, na matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Sababu anaitaja bila kujificha: alipoikagua nia yake ya kufundisha aliona kwamba kinachomsukuma ni cheo na sifa. Akaaga kana kwamba anakwenda Makka, akaenda Sham, na huko Dameski akawa anapanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kilichomuumiza Ghazali hakikuwa kelele za Baghdad. Kilikuwa hadhira. Na hadhira haihitaji miili ya watu ili iwepo. Mtu anaweza kukaa mnarani peke yake huku akijitazama kwa macho ya wale watakaosikia kwamba yuko mnarani. Akilia katika sijida hujua kwamba amelia, na kule kujua tayari ni mtazamaji. Mlango unawazuia wanafunzi 300, lakini yule mmoja aliyemo ndani ya kifua haoni mlango. Al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857 mjini Baghdad, alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya riya, yaani kufanya ibada ili kuonwa na watu, na namna inavyojipenyeza hata katika ibada isiyoonwa na mtu. Huko Nishapur, katika karne hiyohiyo ya tisa, walikuwepo Malamatiyya, waliochukia kuonyesha hata vazi la ucha Mungu na waliopenda kulaumiwa kuliko kusifiwa.

Jambo linalonigusa zaidi katika simulizi ya Ghazali ni kwamba khalwa yake haikuwa kamili. Anasema wazi kuwa mahitaji ya watoto na kutafuta riziki vilimvuruga, na kwamba hali safi aliipata kwa nyakati chache zilizotawanyika ndani ya miaka ipatayo 11. Msomaji anaweza kuona hapo kushindwa. Mimi naona ushahidi. Kama moyo wake ulifunguka ilhali faragha ilikatwakatwa namna hiyo, basi kilichoufungua si ukimya wa mahali. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, akasisitiza kwamba huko si kurudi: zamani aliifundisha elimu inayomletea mtu jaha, sasa anafundisha ile inayomfanya aiache.

Wanakshabandi, masufi wa Bukhara, walilichukua swali la faragha hapo Ghazali alipoliacha. Miongoni mwa kanuni walizozirithi kutoka kwa Abdulkhaliq Ghijduwani imo ile ya kuwa faraghani katikati ya mkusanyiko, na Bahauddin Naqshband, aliyeishi kati ya 1318 na 1389, aliifanya nguzo ya njia yake. Zikri yao ni ya siri. Midomo haitikisiki, ulimi hutulia kwenye kaakaa, na jina hupitishwa moyoni, upande wa kushoto wa kifua, huku pumzi ikichungwa isitoke wala kuingia katika hali ya kughafilika. Aliye jirani nawe hatambui kitu. Husimuliwa kwamba Bahauddin akiwa katika hija alimwona kijana sokoni Mina akiuza na kununua mali ya maelfu ya dinari, na moyo wake haukughafilika na Mola hata nukta moja. Alimwona pia mzee aliyeshika pazia la Al-Kaaba akiomba, lakini moyo wake ukitamani kisichokuwa Mungu.

Simulizi hii ni nzuri, na ni ya hatari pia. Kwa nje, mfanyabiashara yule wa Mina hana tofauti na mfanyabiashara yeyote, na mtu mvivu anaweza kuikwepa ibada kwa kudai kwamba moyo wake uko mbali huku mikono ikihesabu fedha. Ikiwa faragha haionekani, nani atamhakiki? Masufi walijibu kwa vitendo. Walimweka mtu chini ya shehe anayeyajua mazoea yake, na wakamtaka aihesabu nafsi yake kila usiku: leo nilimkasirikia nani, nilipenda nani anione, nilimdharau nani. Maswali hayo hayawezi kuulizwa kwa aliyeshinda mnarani, kwa kuwa mnarani hakuna wa kumdharau. Maradhi mengi ya moyo, kibri, husuda, chuki, humhitaji mtu wa pili. Anayeondoka mbele za watu huyaacha yamelala, asijue kama yamekufa.

Pwani yetu ililielewa jambo hili kwa njia ya jasho. Zikri ya tarika ya Qadiriyya, iliyoenezwa Zanzibar na mrima na Shehe Uways wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa 1909, ni ya sauti na ya duara. Watu husimama bega kwa bega, miili huyumba pamoja, na pumzi husikika ikipanda kutoka vifuani. Wako waliodai kwamba hapo hakuna utulivu wa moyo. Naona hawakuutazama ugonjwa uliokuwa ukitibiwa. Katika miji ya pwani ya zama zile moyo uliumwa zaidi na nasaba: nani mwungwana, nani mtumwa, nani wa kukaa barazani na nani wa kusimama uani. Huko Bagamoyo, khalifa wa Qadiriyya alikuwa Shehe Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Shehe Ramiya, aliyeletwa pwani utumwani kutoka Manyema ya Kongo na kufariki mwaka 1931 akiwa na muridi wengi. Mwungwana angeweza kukaa khalwani miaka 40, akalitaja jina la Mungu mpaka herufi zitoweke, na akatoka bado akiamini kwamba damu yake ni bora. Lakini kuipokea tarika mkononi mwa Shehe Ramiya, kisha kusimama katika duara na kuifuata pumzi ya jirani ambaye jana alimwita kwa kupiga makofi, kungemlazimu kuligusa mwenyewe donda ambalo faragha ya chumbani ingelifunika.