Pazia la Ndege na Mzigo wa Kariakoo

Katika ofisi ndogo ndogo za mawakala wa tiketi, baina ya Barabara ya Samora na Mtaa wa India, jijini Dar es Salaam, kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: “Na kule mbele ni kiasi gani?” Wakala hutaja bei. Muulizaji hucheka, kama kwamba aliuliza kwa mzaha tu, kisha hulipia kiti cha nyuma na kwenda zake. Jambo lenyewe laonekana dogo. Lakini kicheko kile kina siri, maana mtu hachekei bei ya mchele hata ipande vipi. Anachekea nini basi?

Kwanza kijulikane kinachouzwa. Ndege ya Dreamliner iliyopokewa Tanzania mwezi wa Julai 2018 ina viti 262. Vya mbele ni 22, na 240 vilivyobaki ni vya nyuma. (Hilo liitwalo daraja la kwanza limekwisha kuwa adimu, mashirika mengi yameliondoa yakabakisha daraja la biashara.) Wote 262 huruka dakika moja, hutikiswa na wingu moja, hutua kwa magurudumu yale yale. Wa mbele hupata kiti kinacholala kikawa kitanda, chakula cha sahani, kutangulia kuingia na kutoka, na kilo za ziada za mizigo. Nauli yake aghalabu ni mara mbili au mara tatu ya ile ya nyuma, pengine na zaidi.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo au wa Mtaa wa Aggrey anayekwenda Dubai, mwendo wa saa tano na kitu, au Guangzhou, ambako ni zaidi ya saa kumi. Si kwamba hana fedha. Wako wenye fremu nne Kariakoo, na kontena baharini, ambao hawajapata kukaa mbele ya pazia lile maishani mwao. Hesabu yao ni nyepesi: tofauti ya nauli ni marobota ya nguo, ni kodi ya fremu, ni mshahara wa kijana wa dukani. Katika neema zote za kiti cha mbele, inayomtamanisha mtu huyu kwa dhati ni zile kilo. Mwili wake umekwisha kuzoea. Mzigo ndio usiobembelezeka.

Na hapo ndipo jina la mtaa linaposema. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 pale Samora inamwonyesha mwenye bunduki; mwenye mzigo kichwani hayumo. Mtaa wa wapagazi ukawa soko, na mpaka leo humo mwanadamu hupimwa kwa anachokibeba, tangu kuli wa mkokoteni hadi tajiri wa kontena.

Kuna hoja ya zamani inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika juu ya mabehewa ya daraja la tatu yaliyokuwa hayana paa. Alieleza kwamba kampuni za reli hazikushindwa na gharama ya paa. Zilichokitaka ni kumzuia yule mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asishuke kwenda la tatu. Maskini alinyeshewa ili mwenye nafasi aone. Hoja hii ikipandishwa ndegeni, magoti yaliyobanwa nyuma yanapata maana nyingine: kubanwa huko ni sehemu ya tangazo la kule mbele. Kwa insafu iongezwe kwamba wachache wa mbele huchangia mapato ya safari kupita idadi yao, na huenda pasipokuwa na wao nauli ya nyuma ingepanda. Hata hivyo, mtu anayelipa mara tatu ili aepuke adha iliyotengenezwa makusudi hana budi kujiuliza amenunua raha au amejikomboa.

Dar es Salaam yenyewe inazijua pazia. Chini ya Waingereza mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baina ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Katika reli nako madaraja ya mabehewa yalikaribiana mno na rangi za ngozi. Leo pazia la ndege haliulizi rangi wala kabila, na hayo si mabadiliko ya kubezwa. Lakini kazi yake ya kukuonyesha kwamba kuna upande usiokuhusu haijabadilika, na huenda ndiyo inayochekewa pale kwa wakala: mtu hucheka kabla hajachekwa.

Ama fedha zikiwa za umma, suala hubadilika kabisa. Tarehe 20 Novemba 2015, akilihutubia Bunge Dodoma, Rais Magufuli alitaja kwamba katika miaka miwili ya fedha safari za nje za watumishi wa serikali na taasisi zake ziligharimu zaidi ya shilingi bilioni 350, na zaidi ya nusu zilikwenda katika tiketi za ndege. Utawala wake ukazibana safari hizo, na tiketi za daraja la juu zikaachiwa viongozi wakuu watatu tu. Wako walionung'unika kwamba mtu aliyekesha kwenye kiti hawezi kujadili mkataba asubuhi. Ni hoja, lakini ingekuwa na uzito zaidi ingetolewa pia kwa ajili ya muuguzi anayetoka zamu ya usiku Muhimbili akasimama ndani ya daladala hadi Mbagala.

Daladala, kwa kweli, lina somo lake. Kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva, ndicho kinachogombewa kuliko vyote, na nauli yake ni ile ile. Hukipata aliyewahi, mara nyingine aliyewahi humpisha mzee. “Karibu hapa, mama.” Heshima ile haina risiti. Bahari nayo ina maskhara yake kwa wenye madaraja: msimu wa kusi unapovuma, chombo hutikisika zaidi kadiri mtu anavyokaa juu. Huko majini tofauti ya nauli baina ya chombo na chombo yaweza kuwa na maana ya uhai, nayo isilinganishwe na tofauti ya kiti na kiti.

Liko tukio moja, hata hivyo, ambapo muulizaji hacheki. Ni pale anapomuulizia mama yake, mwenye miguu iliyovimba, anayepelekwa India kwa matibabu. Hapo israfu hugeuka deni, na watoto huchangishana, kila mmoja kwa aonavyo. Nani atathubutu kusema kwamba uchungu wake ni wa kiti cha nyuma? Lakini ugumu huzidi hapo hapo. Mama akikaa mbele na mwana akabaki nyuma, pazia huwatenga wao pia. Wahudumu kwa kanuni zao hawampi abiria wa nyuma ruhusa ya kukaa huko, na mama hataki kushikwa mkono kwenda msalani na mtu asiye wake. Viti viwili vya mbele ni fedha za kliniki. Kigari cha kiwanjani hupewa yeyote mwenye haja, awe wa mbele au wa nyuma. Kinatakiwa kuombwa mapema tu. Basi mwana huegemea meza ya wakala, akauliza kama vinapatikana viti viwili vya nyuma vilivyoambatana, kimoja cha ujiani, karibu na choo, na kama mama anaweza kuandikiwa chakula kisicho na chumvi.